Simu Yako Ina Namba Zaidi ya Moja za Waifai: Jua Unayotumia Kabla Hujagusa Ruta

Habari za saa hizi ndugu zangu, karibuni tena dukani, hapa Mtwara mjini. Mezani nina Android moja, iPhone moja na ruta mbili za mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shangani. Amenipigia mara mbili wiki hii. Mgeni akinunua vocha ya siku nzima huku chini, akipanda ghorofani simu inamdai vocha nyingine. Mama anaamini ruta zimekufa. Ruta ni nzima kabisa, na leo nataka muone kinachotokea, kwa sababu kazi hii naipenda kuliko kubadilisha vioo.

Kila simu yenye waifai ina anwani ya MAC ya kiwandani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye waifai. Ni herufi na tarakimu kumi na mbili, jozi sita. Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, hii hapa... ngoja, kioo kinameta. Dada, hebu shusha pazia. Bado. Vuta na lile la pili. Haya, sasa inasomeka.

Jozi tatu za mwisho nimeziba kwa kidole, nanyi mkimtumia mtu picha zibeni. Jozi tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji, na ugawaji wake unasimamiwa na taasisi ya IEEE yenye makao Marekani. Hizo nyingine kiwanda kinajipangia. Mkiona duara humo ni sifuri. Herufi zinaishia F, kwa hiyo O haimo.

Ruta inakutambua kwa namba hiyo. Tovuti ya mbali haiioni, inaona anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti. Ila yeyote aliye karibu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi ya waifai anaweza kuiona, na kama ni ileile kila mahali, atajua asubuhi ulikuwa stendi na jioni ulikuwa hotelini. Ndiyo maana Android 10 ya mwaka 2019, na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, zikaanza zenyewe kubuni anwani tofauti kwa kila jina la waifai. Kwangu huu ni ulinzi mzuri sana, na haukugharimu hata shilingi.

Sasa rudini kwa mama. Chini waifai ina jina lake, ghorofani ina jina lingine. Simu ikipanda ngazi inabadilisha anwani, ruta ya juu inaona mgeni ambaye hajalipa. Basi!

Kuijua anwani ya kubuni ni rahisi: tazama herufi ya pili kutoka mwanzo. Ikiwa 2, 6, A au E, imebuniwa. Hii yangu inaanza 7E. Mnaiona E? Imebuniwa.

Kubadilisha: kwenye Android ingia waifai, gusa alama ya gia pembeni ya jina la mtandao, tafuta faragha, chagua anwani ya kubuni au ya simu yenyewe. Kwenye iPhone gusa ile i ndogo, utakuta anwani ya faragha. Kuanzia iOS 18 kuna chaguo tatu: kuzima, ya kudumu na inayobadilika. Ukimaliza, jitoe kwenye mtandao uingie upya.

Hapa tulieni, msikimbie. Mama anataka waifai ya mapokezi iruhusu simu za wafanyakazi tu. Orodha hiyo ya ruhusa iko ndani ya ruta. Msiwashe orodha kabla hamjaandika anwani ya simu mnayoshika! Na msichukue ile ya Kuhusu simu kama simu inatumia ya kubuni. Mwaka jana niliandika ya kiwandani, nikabonyeza kuhifadhi, ruta ikatufungia nje watu wote ofisini. Ilibidi nibonyeze kitufe cha nyuma kwa pini, nipange kila kitu upya hadi saa mbili usiku. Kwa hiyo someni anwani kwenye ukurasa wa mtandao wenyewe. Narudia: ukurasa wa mtandao wenyewe, mkiwa mmeshaunganishwa. Andikeni, hakikini jozi moja moja, ndipo muwashe.

Kuna wanaoniuliza kuweka namba wanayoitaka wao. Hiyo kwa kawaida inahitaji kuvunja ulinzi wa simu, na mimi siifanyi. Kunakili anwani ya mwenzako utumie vocha aliyolipia ni wizi. Tena msichanganye na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, zile tarakimu 15 mnazoziona mkipiga *#06#. Hiyo kuibadilisha ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Usiniletee.

Kwa wageni wa mama sizimi ulinzi wa mtu yeyote. Ruta ya juu naipa jina lilelile la chini, nywila ileile, aina ileile ya usalama, na vocha zote zinakaguliwa na ruta ya chini. Nahifadhi... inajiwasha upya, subirini taa. Haya. Naingiza vocha hapa, naunganisha simu kwenye ruta ya pili. Mnaona? Haijauliza kitu. Mwenye gesti Mikindani au Lindi anayesumbuliwa na hili, aniandikie hapo chini, naja na ngazi yangu.