Seva Iko Nchi Gani? Sheria za Mataifa na Makazi ya Programu Huria

Mabibi na mabwana, msimbo wa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza, husambaa duniani kwa sekunde chache, lakini seva inayouhifadhi imesimama katika ardhi ya nchi fulani, na mwenye seva hiyo huwajibika kwa sheria za nchi hiyo. Kwa hiyo kuchagua mahali pa kuhifadhi programu ni uamuzi wa kisheria, hata pale waandishi wake wanapodhani wanatafuta bei nafuu tu.

Katika miaka ya 1990 Marekani ilihesabu programu za usimbaji fiche, yaani za kuficha ujumbe usisomwe na wengine, kuwa zana za kivita: kuziingiza nchini hakukukatazwa, ila kuzitoa bila kibali lilikuwa kosa. Ndiyo maana mradi wa Debian, unaosambaza mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao Linux, ulitenga sehemu ya hifadhi yake iliyoitwa non-US, ikakaa kwenye seva zilizo nje ya Marekani, na mtumiaji aliyetaka vifurushi hivyo vya programu ilimbidi aongeze mstari wa pekee katika orodha ya vyanzo vya kompyuta yake. Waandaaji wa PGP, programu ya kusimba barua pepe, walipita njia nyingine. Kwa kuwa kitabu hakikuzuiwa kuvuka mpaka, walichapa msimbo wa toleo la 5.0 kwenye karatasi, na mwaka 1997 watu wa kujitolea huko Ulaya wakazipitisha kurasa hizo kwenye skana, wakisahihisha makosa ya usomaji hadi programu ikafanya kazi tena. Kazi kubwa namna hiyo ilifanywa ili maneno yale yale yafike kule kule yalikokuwa yakihitajika! Masharti yalilegezwa mwaka 2000.

Tofauti hizo hazijaisha. Maktaba ya msimbo iitwayo libdvdcss, inayofungua DVD zilizofungwa, hutolewa na VideoLAN kutoka Ufaransa, huku wasambazaji wengi wa Linux wakiiacha nje ya hifadhi zao kwa kuhofia sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali. Nayo youtube-dl, programu ya kupakua video, iliondolewa Oktoba 2020 kwenye GitHub, tovuti ya kampuni ya Marekani inayohifadhi msimbo wa miradi, ikarudishwa mwezi uliofuata. Hata hivyo, mwaka 2023 mahakama ya Hamburg iliihukumu kampuni ya Kijerumani iliyohifadhi tovuti ya mradi huo tu, tovuti iliyoelekeza wasomaji kwenye msimbo uliokuwa GitHub.

Linalonisikitisha zaidi ni vikwazo vya serikali dhidi ya nchi au maeneo fulani, kwa sababu havimwulizi mtu amefanya nini. Mwaka 2019 GitHub ilibana akaunti za watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kutokana na sheria za Marekani, na wale wa Iran walisubiri hadi Januari 2021, kampuni ilipopata leseni ya serikali. Waandishi wa programu walikuta hifadhi zao za faragha zimefungwa kwa sababu ya mahali walipo.

Nawasihi wenye miradi waweke nakala kamili chini ya sheria ya nchi ya pili mapema, pamoja na orodha ya hitilafu na majadiliano, maana Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, humwachia kila mchangiaji historia ya msimbo, lakini mambo hayo mengine hubaki kwa mwenye seva.