Nyuzi nne za Wu Man

Asanteni kwa kuitika wito, ndugu zangu. Jioni hii nikitaja pipa, msifikirie la kuwekea maji. Pipa ni ala ya Wachina yenye nyuzi nne, kwa umbo kama parachichi lililopasuliwa kwa urefu. Jina limetoka mkononi: pi ni kidole kikisukuma uzi kwenda mbele, pa ni kikiuvuta nyuma.

Nyinyi mpigao udi mtaielewa upesi. Enzi ya Tang, huko China zaidi ya miaka elfu iliyopita, ililazwa mapajani na kupigwa kwa risha, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi, kama udi. Leo husimama wima pajani, na mpigaji hujifunga kucha za bandia kwa utepe kwenye vidole vitano vya mkono wa kulia. Vidole hivyo hupokezana uzi mmoja upesi mno hata sauti haikatiki. Miaka thelathini nimeshika risha, na bado mkono ule hunitoa machozi.

Mpigaji wa pipa ninayewaletea leo ni mwanamke, Wu Man, aliyezaliwa Hangzhou, China, mwaka 1963. Alisomea Beijing, akawa wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya pipa. Mwaka 1990 akahamia Marekani. Hebu fikirini: kwao ni fundi anayeheshimiwa, kule amebeba ala ambayo wengi hawajapata hata kuisikia jina.

Angeweza kupiga nyimbo za kale tu, watu wakapiga makofi ya adabu wakaenda zao. Yeye aliwatafuta watunzi. Tan Dun, mtunzi Mchina, akatunga kazi ya pipa pamoja na fidla mbili, viola na selo, ambamo wapigaji hugusa pia maji, mawe na karatasi. Kisha Lou Harrison, Mmarekani, akaiandikia pipa konseto, yaani kazi ambamo ala moja huongoza na okestra huitikia, mwaka 1997. Ala ikapata kazi ya kufanya ugenini, haikubaki kuwa pambo.

Ila ninalompendea zaidi ni jingine. Baada ya sifa zote hizo alirudi China, akaenda vijijini kutafuta wapigaji ambao hawakupita chuo chochote. Huko Huayin, mkoani Shaanxi, aliwakuta akina Zhang, wakulima wenye muziki wa vikaragosi vya kivuli. Wanaimba kwa kupaza koo, na mmoja wao hulipiga benchi la mbao kwa gogo. Mwaka 2009 aliwapandisha jukwaani Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki wa New York, na benchi lao.

Vijana wangu mnaokwenda Muscat na Ulaya kufundisha, swali langu kwenu ni hili: mkialikwa ukumbi mkubwa, mtamkumbuka mzee aliyewashika vidole mara ya kwanza? Mtamtafutia tiketi?

Nimekuja na rekodi yake. Naomba feni izimwe kidogo, na mlio nyuma msogee mbele. Sikilizeni mkono wa kulia.