Unguja ilipopinduliwa wakubwa waliambiana nini? (mhadhara, Malindi)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoroke, nawaona. Leo siji kuzungumza nani alikuwa na haki Unguja na nani hakuwa nayo, manake tukianza hapo hatutoki mpaka alfajiri na wengine watarudi nyumbani hawasalimiani, humu ndani kila mtu ana ami au shangazi aliyekuwa kule. Mimi nataka tuwaangalie wale wakubwa waliokuwa mbali, London, Washington, Nairobi, Dar, habari ilipowafikia walikaa wakaambiana nini na kwa nini wakakata shauri vile. Nikizisoma zile karatasi zilizofunguliwa baadae naona karibu kila mmoja mdomoni anasema Unguja lakini moyo uko nyumbani kwake.

Kwanza tarehe. Unguja uhuru 10 Desemba 1963, Kenya 12 Desemba. Kabla ya hapo hapa tulipokaa, ule ukanda wa maili kumi, kisheria ulikuwa wa Sultani, Mwingereza alikuwa mwendeshaji tu tangu 1895 na kila mwaka akilipa pauni 11,000. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Unguja, wakaandikiana barua, Sultani akaacha haki yake na Mwambao ukaingia Kenya. Mwezi mmoja tu baada ya bendera kupanda, usiku wa kuamkia Jumapili 12 Januari 1964, mapinduzi. Sababu mwazijua, uchaguzi wa Julai chama cha Afro-Shirazi, ASP, wapata kura asilimia 54 lakini viti 13 kati ya 31, alafu serikali mpya ikawaachisha kazi polisi wa kutoka bara, watu wanaozijua ghala za silaha za Ziwani na Mtoni kuanzia mlangoni mpaka ndani. Hapo ndo akatokea John Okello, Mganda, akawaongoza waliopindua.

Sasa London. Jumapili asubuhi Shamte anamwendea balozi wa Uingereza, Crosthwait, anaomba wanajeshi. Waingereza walikuwa nao, tena karibu, hapa hapa Kenya. Lakini jawabu la Duncan Sandys, waziri wa Jumuiya ya Madola, lilikuwa hapana. Mkataba wa ulinzi hakuna, haya ni mambo ya ndani ya nchi huru, na juu ya yote utamtoa vipi askari wa Kiingereza kwenye ardhi ya Kenya, nchi ina uhuru wa mwezi mmoja, aende akampiganie Sultani dhidi ya Waafrika? Kenyatta atasema nini, Nyerere atasema nini. Wakatuma meli. HMS Owen, ambayo kazi yake hasa ni kupima bahari, na HMS Rhyl iliyoondoka Mombasa na kombania moja ya kikosi cha Staffordshire. Amri yao ilikuwa kulinda raia wa Kiingereza, basi. Wakati huo kamishna wa polisi Sullivan na askari wachache waliobaki wamejifungia kituo cha polisi cha Malindi (Malindi ya Unguja, sio hii yetu, msianze kuchanganya) wanangoja msaada ambao ulishaamuliwa hauji, mwisho wakatoka kwa njia ya bahari. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Serikali nzima iliondoka kwa jawabu la hapana la siku moja ya Jumapili.

Washington hawakuwa na nafasi. Rais Johnson ana wiki saba ofisini tangu Kennedy auawe, na tarehe 9 Januari fujo zimelipuka Panama kwa ajili ya bendera, meza imejaa. Lakini Unguja walikuwa na kitu chao, kituo cha NASA Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, na walikuwa na ugonjwa mmoja unaitwa Kyuba. Miaka miwili haijatimia tangu ile hofu ya makombora. Sasa wanasikia kuna vijana wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu wana ndevu, wana magwanda, wengine wamefunzwa Kyuba kweli, na Babu mwenyewe aliwahi kufanya kazi na shirika la habari la China, basi ikawa tayari wameshapata Kyuba ya Afrika. Huku Okello kwenye redio anatangaza idadi ya askari wake ambayo hata wewe ukiisikia unacheka, lakini mtu aliyekaa Washington asubuhi ile hana njia ya kupima, anaandika tu kwenye ripoti. Tarehe 13 manowari Manley ikaja kuwatoa Wamarekani, siku tatu baadae mwakilishi wao Picard akafukuzwa.

Twende Nairobi, ndo patamu. Sultani Jamshid ameondoka na meli yake Seyyid Khalifa, anaelekea wapi? Mombasa. Ana jamaa, ana watu wanaomsalia kwenye khutba mpaka juzi. Akakatazwa kushuka. Wazee wengi wetu lile jambo liliwauma na bado linawauma, na wanasema Kenyatta alimchukia Sultani. Mimi sioni hivo. Angalieni alikuwa na nini mkononi. Tarehe 25 Desemba, wiki mbili na kitu nyuma, ametangaza hali ya hatari kaskazini mashariki kwa sababu ya Wasomali wanaotaka kujitenga. Mwambao nao makelele ya kujitenga ndo kwanza yametulia, tena yametulizwa kwa barua ya huyo huyo Sultani. Sasa umruhusu ateremke Mombasa, watu wakajae bandarini, utalala usingizi? Kenya ikaharakisha kuitambua serikali mpya, na meli ikageuza kuelekea Dar, Nyerere akampa njia, akapandishwa ndege kwenda Uingereza.

Na askari nao walikuwa wakisikiliza redio, jamani. Tarehe 20 Januari wanajeshi wa Tanganyika wakaasi kambi ya Colito, tarehe 23 Jinja Uganda, tarehe 24 Lanet kwetu. Wanataka mishahara na wanataka maofisa wa Kizungu waondoke. Hapo ndipo Nyerere, Obote na Kenyatta, wote watatu, wakawaita wanajeshi wa Kiingereza. Tarehe 25 makomando wakashuka Dar kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Yaani hata wiki mbili hazikuisha, lile ambalo London iliogopa kulifanya kwa Shamte likafanyika nchi tatu kwa mwaliko. Nyerere ilimuuma sana, na hakuficha.

Baada ya hapo wakaingia kwenye kubishana watambue ama wasitambue. Wamarekani walikuwa tayari lakini wakamngoja Mwingereza, Mwingereza akavuta, na walipokuwa wakivuta Wachina, Warusi na Wajerumani Mashariki washaingia. Februari Crosthwait naye akafukuzwa, ndo siku chache baadae, tarehe 23, wakatambua wote wawili. Kuogopa wakomunisti kukawafungulia wakomunisti mlango, sijui nani alikaa kikao kile.

Na msidhani Waingereza walikunja mikono. Walipanga kuingia Unguja kwa nguvu ikiwa Umma watamng'oa Karume, mkubwa wa ASP na rais mpya wa Unguja, mpango wa kwanza ukaitwa Parthenon, ukafuata Boris, uliotegemea askari wa miavuli waruke kutoka Kenya, ukaachwa waliposema siri Kenya haikai, ukaja Finery wa helikopta kutoka manowari Bulwark. Hakuna hata mmoja uliotumika.

Nimeona mkono, kijana wa shati la buluu. Anauliza kwa hio Muungano ulipangwa na Wamarekani? Swali zuri. Walitamani, hilo halina ubishi, Washington na London walikuwa wakiwasukuma viongozi wa Afrika Mashariki wafanye jambo kuhusu Unguja. Lakini kutamani ni kimoja na kupanga ni kingine. Mkataba uliotiwa saini 22 Aprili ulizungumzwa na Nyerere na Karume na watu wachache mno. Na kuna hili, baada ya Muungano Waingereza walitengeneza mpango mwengine, Shed, wa kupeleka batalioni kwa ndege endapo Umma wataupinga. Wangekuwa wameupanga wao, na wana uhakika nao, sioni kwa nini wangehitaji Shed. Haya, mama pale, sema, nakusikiliza.