Lilianguka au Liliangushwa? Vitabu vya Watoto vya Hiroshima

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama kutoka Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Leo nazungumza nanyi nikiwa kwenye meza ya jikoni hapa Hiroshima, kwa hiyo mtaniwia radhi mkisikia tramu zikipita chini ya dirisha. Wengi wenu mliniomba video ya kodi za nyumba, nami nitaitengeneza inshallah, lakini kwa wiki tatu sasa nyumba yetu imetawaliwa na kitabu kimoja cha picha, na sitaweza kuingia katika habari nyingine kabla sijaitoa hii moyoni.

Binti yangu ana miaka saba. Alirudi na kitabu hicho kutoka maktaba, akasoma jina lake kwa sauti, Hiroshima no Pika, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha nyumbani: "Mama, Hiroshima inapika nini?" Nilicheka, na kicheko kikaniishia kooni. Kwa Kijapani pika ni neno la kuigiza mmuliko wa ghafla wa mwanga, na don ni mshindo. Waliokuwa karibu na bomu la atomiki lilipolipuka hapa waliona mwanga tu, na waliokuwa mbali wakaona mwanga kisha wakasikia mshindo, ndiyo maana wazee wa hapa, kila mmoja kwa alipokuwa amesimama asubuhi ile, wengine husema pika na wengine pikadon.

Kitabu hicho kiliandikwa na kuchorwa na Toshi Maruki, kikatoka mwaka 1980. Mumewe, Iri, kwao kulikuwa Hiroshima. Wote wawili walifika hapa muda mfupi baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945, na baadaye, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, walichora pamoja michoro mikubwa 15, kila mmoja ukijaza ukuta mzima. Ajabu yangu ni kwamba mama huyo aliyezoea kuchora miili ya watu kwa mamia, alipofika kwa watoto aliipunguza habari yote hadi ikaenea katika kiganja cha mtoto mmoja.

Mtoto huyo anaitwa Mii, naye ana miaka saba. Anakula viazi vitamu na wazazi wake wakati mwanga unapomulika. Mama yake anambeba baba mgongoni, wanakimbia kuelekea mtoni, wanavuka, wanaendelea mpaka pwani, na muda wote huo Mii hajaviachia vijiti vyake vya kulia. Siku kadhaa baadaye ndipo mama anapotambua kwamba vijiti bado vimo mkononi mwa mtoto, na vidole vimekakamaa kiasi kwamba inambidi avikunjue kimoja kimoja. Binti yangu aliusoma ukurasa huo mara tatu, kisha akaenda kwenye droo, akachukua vijiti vyake vya plastiki vyenye picha ya sungura, akavikamata na kuniambia nijaribu kumnyang'anya. Vilitoka kwa urahisi kwa sababu alikuwa anacheka. Akavishika mara ya pili, na safari hiyo hakucheka, nami sikuvuta.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila jioni tunampigia simu bibi yake aliyeko Tanga; huku huwa ni saa mbili usiku na huko ni saa nane mchana, bibi amekwisha kula na amejinyoosha barazani. Binti yangu humshikia kitabu mbele ya kamera ya simu, nami hukitafsiri ukurasa baada ya ukurasa. Usiku wa kwanza nilifika penye mwanga, nikasema, kama nilivyosema shuleni miaka yote, kwamba bomu likaanguka. Bibi akanikatisha. "Likaanguka lenyewe? Bomu si embe, mwanangu. Nani aliliangusha?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa ndege ya jeshi la Marekani, rubani wake Paul Tibbets, na kwamba rubani huyo aliipa ndege jina la mama yake mzazi, Enola Gay. Bibi alikaa kimya kwa muda, kisha akarudia polepole, "Jina la mama yake mzazi," akauliza kama binti yangu amekwisha kula.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivisoma vitabu hivi kwa swali la bibi. Kijapani kina jozi ya vitenzi inayofanana sana na yetu ya kuanguka na kuangusha: ochiru ni la kitu kinachoanguka, na otosu ni la mtu anayekiangusha. Mwishoni mwa kitabu cha Maruki, mama yake Mii anasema, kwa lafudhi ya Hiroshima, kwamba pika haishuki pasipo mtu wa kuiangusha, na ndani ya sentensi hiyo fupi vitenzi vyote viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu. Sijaona mahali ambapo wakubwa wamelisema jambo hili kwa unyofu huo. Tarehe 27 Mei 2016 Rais Barack Obama, wa kwanza wa Marekani kufika hapa akiwa madarakani, alianza hotuba yake kwa kusema kwamba miaka 71 iliyopita, asubuhi angavu isiyo na wingu, kifo kilianguka kutoka angani. Ni maneno matamu sikioni, na rubani hayumo.

Wajapani wenyewe hawajasalimika. Kwenye mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa mwaka 1952 katika Bustani ya Amani pameandikwa maneno ya kuwaombea marehemu walale kwa amani, kwa kuwa kosa halitarudiwa, na Kijapani kinaruhusu sentensi ya namna hiyo isimame bila kumtaja mtenda. Watu wamebishana juu yake kwa miaka mingi: ni kosa la nani, na nani ameahidi? Nilipojaribu kumtafsiria bibi nilikwama, kwa sababu kitenzi chetu hakiendi bila mtu mlangoni pake. Ni hatutarudia, au hawatarudia? Ukikimbilia kusema "halitarudiwa", kama nilivyofanya mimi hapa punde, umemficha mtu nyuma ya mlango, na bibi anajua.

Nadhani wengi wenu, kama mmewahi kusikia kitabu kimoja cha watoto kuhusu mji huu, ni kile cha Sadako Sasaki, kilichoandikwa na Eleanor Coerr na kutolewa mwaka 1977. Sadako alikuwa na miaka miwili bomu lilipolipuka, akakua mzima na mwenye mbio kuliko wenzake, akapatwa na saratani ya damu, akafariki tarehe 25 Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Hospitalini alikuwa akikunja ndege aina ya korongo wa karatasi, hata kwa vikaratasi vya kufungia dawa, kwa imani ya hapa kwamba anayetimiza korongo 1,000 hupata anachokiomba. Kitabu kinasema alifikisha 644, na wenzake wakamalizia waliobaki. Ndugu zake na jumba la makumbusho la hapa wanasema alipita 1,000 na akaendelea kukunja.

Naona ninaelewa kwa nini mwandishi aliichagua hesabu ile ndogo. Ukisema 644, msomaji mdogo anapata nafasi ya kusaidia, marafiki wanakuja na karatasi zao, na kitabu kinafungwa kwa kazi iliyokamilika. Ukisema alitimiza 1,000, ombi halikujibiwa, naye akachukua karatasi nyingine akaanza upya, mtoto wako atakuuliza jambo usilo na jibu lake. Mimi ningependa binti yangu aniulize. Hata hivyo siwezi kukibeza kitabu kile, maana kimefanya kazi ambayo mabalozi hawakuifanya. Mjukuu wa Rais Harry Truman, yule aliyeidhinisha bomu litumike, ni Clifton Truman Daniel, na mwanawe alikuja nyumbani na habari za Sadako baada ya kukisoma kitabu hicho shuleni. Baadaye kaka yake Sadako aliwasiliana na baba huyo, na mwezi wa Agosti 2012 mjukuu wa aliyetoa amri alihudhuria kumbukumbu hapa Hiroshima.

Kuna kitabu kingine ambacho hakimfichi mtenda hata mmoja, nacho ni hadithi ya katuni ya Gen wa miguu mitupu, yaani Hadashi no Gen, iliyoanza kutoka mwaka 1973. Keiji Nakazawa aliyeichora alikuwa na miaka sita siku ile, akasalimika kwa sababu alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa shule, huku baba yake, dada yake na mdogo wake wakifa nyumbani. Anawasema Wamarekani, lakini anawasema pia majenerali wa Kijapani, mfalme wao, na ukatili ambao askari wao waliwafanyia watu wa nchi nyingine za Asia. Hapo ndipo wakubwa waliposhtuka. Mwishoni mwa mwaka 2012 idara ya elimu ya mji wa Matsue iliagiza vitabu hivyo viondolewe kwenye rafu za wazi za maktaba za shule, na mwezi wa Agosti 2013, baada ya malalamiko mengi, agizo likafutwa. Mwaka 2023 mji huu huu wa Hiroshima uliiondoa hadithi hiyo katika masomo yake ya amani ya shule za msingi, na moja ya sehemu zilizoleta taabu ilikuwa ile ambapo Gen anaiba samaki wa bwawani ili mama yake mgonjwa apate chakula. Nacheka, ingawa si jambo la kucheka: mji mzima unachomwa, na mwalimu anahofia watoto watajifunza kuiba samaki.

Swali la pili la bibi lilikuja wiki iliyopita. "Na hilo bomu walilitengeneza kwa kitu gani?" Nikamwambia kwa urani, na kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka takriban tani 1,200 za madini hayo New York, zikahifadhiwa ghalani Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipoyatafuta likayakuta yako pale pale. Waliochimba walikuwa Wakongo, na lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. "Kumbe," akasema bibi, "waliokuwa wakiambiwa chimbeni, waliambiwa kwa maneno haya haya tunayoongea."

Nimevipanga hapa mezani vitabu saba vya watoto nilivyokwisha kuvisoma. Kuna cha mtoto Shin, aliyekuwa hajatimiza miaka minne, ambaye baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli yake ya matairi matatu, na mwaka 1985 akaifukua. Baiskeli hiyo iko makumbusho, imekula kutu, na binti yangu aligoma kuondoka mbele ya kioo chake. Kuna insha zilizoandikwa na watoto walionusurika wenyewe, zilizokusanywa na Arata Osada mwaka 1951, na nyingine zinaanza na kiamsha kinywa, kama kwa Mii. Katika vyote saba hamna hata ukurasa mmoja wenye shimo la Shinkolobwe wala mtoto wa mchimbaji. Mwandishi wa hadithi hiyo, akipatikana, atakuwa na kazi ya kuchagua vitenzi: urani ilichimbwa, au tulichimba, au walituchimbisha.

Nimejitahidi kumtafsiria bibi kwa vitenzi vyenye watu ndani yake, na si rahisi, kwani mdomo umezoea kuteleza. Jana nilisema "nyumba zikaungua", na binti yangu, bila kuinua macho, akanisahihisha: "Zikaunguzwa."

Kitabu kinatakiwa kurudi maktaba Jumamosi, naye ameniomba tukakiongezee wiki mbili nyingine, kwa sababu bibi bado hajafika kwenye ukurasa wa vidole, na binti yangu anataka kuwa yeye ndiye wa kumsomea huo.