Kupenda bila kusema: Langya Bang

Asanteni kwa kuja jamani, walio nyuma sogeeni mbele. Wengi wetu tamthilia za Kichina tulizianza 2011, TBC ilipotuletea Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na ile ilikuwa ya maneno mengi, lililo moyoni linatoka mdomoni hapohapo. Leo naongelea Langya Bang ya 2015, yenye epsodi 54, wengine mnaijua kama Nirvana in Fire, kwa sababu humu anayependa hasemi, akisema watu watakufa.

Stelingi ni Hu Ge. Humo zamani anaitwa Lin Shu, kijana wa jeshini, mchumba wa Nihuang. Jeshi lao la watu 70,000 likasingiziwa uasi likateketezwa, yeye akapona ila sumu na matibabu yake vikambadilisha mpaka sura, miaka 12 baadaye anarudi mji mkuu kwa jina la Mei Changsu, dhaifu, anakohoa, koti la manyoya halimtoki. Kaja kusafisha jina la wale marehemu, akijulikana mapema kwisha habari yake. Kwa hiyo anakaa na mchumba wake anaongea naye kiheshima kama mgeni tu, na huyo dada siyo wa kuchezewa, ni kamanda wa jeshi la Yunnan!

Sasa moyo wa Nihuang ukishamwambia ndiye, yaani anamkamata mkono, anapandisha mkono wa nguo, anatafuta alama alizozijua tangu zamani, hakuna, anahamia kwenye kola, hakuna. Jamaa anamwambia zimeondoka, vyote vimeondoka. Mimi hapo kila nikiangalia koo linanikaba, maana angeweza kunyamaza akabaki salama, lakini ukisema zimeondoka si umeshakiri kwamba zilikuwepo?

Na siyo mapenzi ya wachumba peke yake. Mama yake Prince Jing, yule mwana wa mfalme rafiki wa Lin Shu, anatuma maboksi mawili ya vitafunwa, la mwanawe na la Mei Changsu, na hili la pili halina vya hazelnati, aina ya njugu, kwa sababu Lin Shu hazelnati zilikuwa zinamdhuru. Mama kashamjua zamani, kanyamaza, kamlinda kwa jikoni!

Mwisho Mei Changsu anakwenda vitani na harudi, Nihuang anabaki na barua tu, kwamba ahadi ya maisha haya ataitimiza maisha yajayo.

Haya, tuzimie taa hapo, niwawekee kile kipande cha mkono wa nguo. Msihangaike na maandishi ya chini, angalieni vidole vya Nihuang.