Kiputo si rika la barafu yake

Nimelisema kila jukwaa na leo nalirudia: hewa iliyofungiwa ndani ya barafu ya kale ni changa kuliko barafu yenyewe.

Theluji ikianguka Dome C, Antaktika, haigeuki barafu papo hapo. Hushindiliwa na theluji inayoiangukia, na hadi kina cha mita 100 hivi vitundu vyake bado vinapitisha hewa. Hapo ndipo viputo hujifunga. Sasa, theluji ya Dome C ni haba mno. Ukiyeyusha ya mwaka mzima, maji hayafiki sentimita 3. Kufika kina hicho huchukua zaidi ya miaka 2,000, na hewa ya kiputo huwa changa kuliko barafu yake kwa kadiri hiyo. Law Dome, Antaktika hiyo hiyo lakini karibu na pwani, theluji ni tele, na kwenye kisima kiitwacho DE08, shimo lililochimbwa barafuni, tofauti ya umri ni miaka 30 na ushei tu.

Najua atakayesimama kusema: “Mbona zama za barafu zilipokwisha joto lilipanda kwanza, hewa ukaa ikafuata miaka 800 baadaye?” Ndugu yangu, joto la kale tunalisoma kwenye barafu yenyewe, hewa ukaa kwenye kiputo. Ukikosea tofauti ya umri, umekosea nani alitangulia! Kipimo kipo. Nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni, hutulia sehemu ya chini ndani ya safu ya theluji, na wingi wake kwenye kiputo hutuonyesha unene wa safu hiyo. Mwaka 2013 mtafiti Frédéric Parrenin na wenzake walitumia njia hiyo kwa mwisho wa zama za barafu zilizopita, wakakuta vyote viwili vilipanda karibu sanjari. Na katika miaka 800,000 ya barafu ya Dome C hewa ukaa haikuvuka sehemu 300 kwa milioni. Leo imepita 420.

Maabarani, usiyeyushe barafu ukitaka hewa ukaa. Isage ikiwa imeganda, ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa. Ikiyeyuka, vumbi la chokaa hukutana na asidi na kuzalisha hewa ukaa ambayo angani haikuwepo. Ndiyo maana kwa kipimo hiki hatuitegemei barafu ya Greenland, yenye vumbi jingi. Kilimanjaro nako miche sita, yaani nguzo za barafu zinazotolewa kisimani, ilitolewa mwaka 2000, ila barafu iliyowahi kuyeyuka haifai kwa kazi hii.

Muda unakwisha. Wanaochimba: jazeni kisima kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa, la sivyo uzito wa barafu utakibana. Na mche wa kutoka kina cha mita 600 hadi 1,000 na ushei msiukate siku mnayoutoa. Hewa iliyobanwa ndani huupasua. Uacheni miezi kadhaa kwenye baridi kali kwanza.