Kuku Yuko Nje, Lakini Kaka Zake Wako Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye yai. Mtu anakuambia: mimi yai la kuku wa kizimba sili, nimefuga kuku wangu wanne uani, wanazurura, dhamiri yangu safi. Kaka Mussa, kamaliza?

MUSSA: Kaanza vizuri, dada, ila hajamaliza. Kizimba ni dhuluma kweli, na kakiondoa. Lakini hata kuku akizurura shamba zima, kuna mambo matatu yanabaki palepale. Kaka zake waliototolewa naye wako wapi? Mwili wake unatoa nini kwa kila yai? Na siku akiacha kutaga, unamfanyaje?

ZUHURA: Haya, kaka zake kwanza.

MUSSA: Kuku wa mayai wa kisasa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage, si ili anenepe. Dume wa ukoo huo hatagi, na nyama anayoweka hailipi chakula anachokula. Kwa hiyo kituo cha kutotolesha kinatenganisha vifaranga siku ya kwanza: majike wanauzwa, madume wanauawa siku hiyohiyo kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na Ufaransa ikafuata mwaka 2023, ingawa iliacha mianya. Huko sasa jinsia hupimwa yai likiwa bado kwenye mashine ya kutotolesha. Kwingi duniani utaratibu ni uleule wa zamani.

ZUHURA: Kwa hiyo anayenunua tembe wanne, yaani kuku majike wachanga, kutoka kituo hicho, hata akiwajengea kasri...

MUSSA: Madume takribani wanne wameshakufa kabla kasri halijapigwa msumari. Neno "huria" linaeleza kuku anaishi wapi. Halielezi alikotoka.

ZUHURA: Hapo niongeze kidogo kwa anayenunua mayai dukani. Katika Umoja wa Ulaya kila yai hugongwa mhuri, na tarakimu ya kwanza ndiyo ya kusoma: 0 ni kilimo hai, 1 ni huria, 2 ni ndani bila vizimba, 3 ni kizimba. Angalieni hiyo 2. "Bila vizimba" haimaanishi kuku ameona jua. Na rangi ya kiini isikudanganye: njano iliyokolea hutoka kwenye majani na mahindi ya njano, lakini hutoka pia kwenye rangi ya maua iliyochanganywa kwenye chakula cha kuku aliyefungiwa.

MUSSA: Naam. Sasa njia ya kuwaokoa hao madume ni kutafuta kuku wa matumizi mawili, yaani ukoo ambao jike anataga kiasi na dume ana nyama, kisha utotoleshe mwenyewe kwa kuku anayeatamia. Siku 21. Ukimwekea mayai 12, yakatoka vifaranga 10, tarajia madume karibu 5. Hapo ndipo wengi wanaumbuka.

ZUHURA: Kwa sababu jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10.

MUSSA: Na wakizidi, majike wanabaki na migongo uchi kwa kukanyagwa, na majogoo wenyewe wanararuana. Kwa hiyo uamuzi wa madume ufanye kabla ya kuweka mayai chini ya kuku, si wiki ya 16 wakiwa wanawika. Ama utawachinja kwa nyama, ama utawatenga kundi lao mahali wasipoona majike, maana wasipowaona ugomvi hupungua, ama una mtu aliyekubali kuwachukua. Kama hata moja huliwezi, usitotoleshe. Kusema "tutaona" ni kumhamishia jirani kisu.

ZUHURA: Na wale wanaoogopa kula yai lililopandwa na jogoo, kwamba wanakula kifaranga?

MUSSA: Yai lenye mbegu haliwi kifaranga bila joto la nyuzi 37 na kitu, mfululizo. Okota kila siku, weka mahali pa ubaridi, basi. Siku za joto kali okota mara mbili, na usimwache kuku anayetaka kuatamia alalie mayai ya wenzake mchana kutwa.

ZUHURA: Tuje kwenye mwili wa kuku. Hili watu hawalizungumzi.

MUSSA: Kuku mwitu, babu wa hawa wote, hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mwaka, kisha huatamia. Wa kisasa anafika 300. Yai moja huchukua saa kama 25 kutengenezwa, na saa 20 hivi kati ya hizo ni za ganda peke yake. Ganda moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, anaikopa kwenye mifupa yake. Ndiyo maana mfupa wa kidari wa kuku wa mayai huvunjika au kupinda, hata kwa kuku wa uani anayeruka tu kutoka kwenye ufito.

ZUHURA: Tupige hesabu. Kuku anakula gramu 110 kwa siku. Chakula cha watagaji kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa hiyo anapata gramu 4 hivi, na mwili unachukua karibu nusu. Imetosha, haikubaki. Sasa mwenye huruma zake anamwagia mahindi matupu na mabaki ya jikoni mpaka kuku ameshiba. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9, naye anahitaji 16. Kalsiamu ya mahindi ni kama hakuna.

MUSSA: Kuku ameshiba na ana njaa. Mabaki yasizidi sehemu moja kati ya kumi ya mlo wa siku, na yaende alasiri, akiwa ameshakula chakula chake. Usimpe maganda wala kokwa la parachichi, maharage mabichi, viazi vyenye kijani, wala kitu chochote chenye ukungu. Ukungu wa nafaka una sumu isiyoondoka kwa kuanika.

ZUHURA: Lakini chakula cha watagaji nacho kina mtego. Kwenye kundi la uani una jogoo, una vifaranga, una kuku mzee asiyetaga. Hao wote ukiwalisha kalsiamu asilimia 4 miezi na miezi, figo zinaweza kuharibika.

MUSSA: Kwa kundi mchanganyiko mimi nafuata njia hii: wote wapewe chakula cha wanaokua, chenye protini asilimia 16 na kalsiamu asilimia 1 hivi. Kalsiamu iwekwe pembeni kwenye chombo chake, punje za magamba ya konokono wa baharini au chokaa ya mifugo, kila mmoja achukue anachohitaji. Kuku anayetaga anaijua haja yake, anakwenda mwenyewe. Na ziwe punje za milimita 2 hadi 4, si unga. Ganda hujengwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala, hali chakula. Punje inabaki kwenye firigisi ikiyeyuka polepole mpaka alfajiri. Unga unakuwa umeshapita.

ZUHURA: Na maganda ya mayai yake mwenyewe?

MUSSA: Yarudishe. Yaoshe, yakaange makavu au yaweke kwenye oveni mpaka yavunjike kwa vidole, kisha yapondeponde yasifanane tena na yai. Nusu ganda likitupwa zima linamfundisha kula mayai, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi.

ZUHURA: Ganda likiwa jembamba wakati wa joto ingawa kalsiamu ipo?

MUSSA: Anahema. Akihema anatoa kabonidayoksaidi nyingi, na hiyo ni malighafi ya ganda. Ukiongeza chokaa hapo hujatibu kitu. Kivuli, upepo, na maji ya baridi. Siku ya kawaida kuku hunywa robo lita, siku ya joto mara mbili yake.

ZUHURA: Na taa? Kuna wanaowasha taa bandani ili siku ifike saa 16.

MUSSA: Taa inafanya kazi, mayai yanaongezeka. Lakini kama hoja yako ilikuwa kumpunguzia mzigo, usiwashe. Mwache anyonyoke manyoya yake mara moja kwa mwaka; kwa miezi 2 au 3 hatataga, na ndiyo nafasi yake ya kurudisha mwili. Protini usimpunguzie kipindi hicho, manyoya yenyewe ni protini.

ZUHURA: Hapo tunaingia kwenye uzee. Mayai hupungua kila mwaka baada ya ule wa kwanza, na kuku anaweza kuishi miaka 6, 8, hata zaidi.

MUSSA: Akila kilo 40 hivi kwa mwaka, atage asitage. Ukitaka wanne wanaotaga siku zote na huchinji, jenga banda la wanane. Ukichinja, amua nani atachinja na kisu chake kiweje, na kuku asikose maji hata akiwa amenyimwa chakula usiku wa kuamkia kuchinjwa. Mimi sioni ubaya wa njia zote mbili. Ubaya ni ile ya tatu: kumwachia kuku mzee lango wazi akajitafutie.

ZUHURA: Basi tujenge hilo banda la wanane.

MUSSA: Sakafu mita 1.5 kwa 2. Fito za kulalia jumla mita 2, kila kuku apate sentimita 25. Ufito uwe bapa wa sentimita 4 au 5, kingo zimepigwa randa, ili kifua kifunike vidole. Viota viwili vya sentimita 30 kwa 30, gizani kidogo, na viwe chini kuliko fito.

ZUHURA: Kwa nini chini?

MUSSA: Kuku hulala mahali pa juu kabisa. Kiota kikiwa juu, watalala humo, watakinyea, na asubuhi mayai yatatua kwenye kinyesi. Kingine, matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vyao. Chuchumaa bandani alfajiri, kichwa kiwe usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hewa haitoki au maranda yamelowa. Maranda yawe kina cha sentimita 10, ugeuze kila wiki, na yaliyolowa yatoke siku hiyo.

ZUHURA: Wavu sasa. Hapa watu wanapoteza kuku wengi.

MUSSA: Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke. Haumzuii kicheche asiingie, mbwa anauchana kwa meno. Tumia wavu wa kuchomelewa wenye tundu la milimita 12. Huo unawazuia hata panya wakubwa na nyoka wengi. Chini usiishie usawa wa ardhi: ukunje kuelekea nje sentimita 40 hadi 50, ulale juu ya udongo, ufunike. Mnyama mchimbaji anaanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, anagonga wavu, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita.

ZUHURA: Na wafunguliwe saa ngapi?

MUSSA: Saa 4 asubuhi ni nzuri. Wengi wanataga asubuhi. Ukiwafungua saa 12 unaanza kutafuta mayai vichakani. Weka yai bandia kwenye kila kiota, tembe anajifunza mahali. Jioni wanarudi wenyewe. Kazi yako ni kuhesabu na kufunga kabla giza halijakolea.

ZUHURA: Uwanja wenyewe?

MUSSA: Kuku ni ndege wa msituni. Ukimpa uwanja mweupe haendi, anabaki mlangoni akiogopa mwewe. Panda vichaka, egemeza mbao, tengeneza vivuli kila baada ya mita chache. Nafasi mita 4 za mraba kwa kuku ni ya chini, na hata hiyo wataigeuza vumbi. Igawe vipande vitatu, wahame kila wiki 2. Majani yatarudi, lakini mayai ya minyoo hudumu kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo usidhani kuhama kumemaliza minyoo.

ZUHURA: Kuna la udongo ambalo silisikii likisemwa. Risasi, yaani lile madini. Nyumba ya zamani yenye rangi ya zamani inabanduka, kuku anadonoa chini ya ukuta, na risasi inaingia kwenye yai. Kuku mwenyewe anaonekana mzima kabisa.

MUSSA: Ziba ukingo wa nyumba kwa uzio, na mahali pa kuogea vumbi peleka mchanga wa kwingine, uchanganye na majivu kidogo. Na ukiwa na shaka, udongo upimwe kabla ya kuleta kuku.

ZUHURA: Magonjwa kwa haraka.

MUSSA: Mdondo: chanjo ya tone la jicho, irudiwe kila miezi 3 au 4, na usichanje kundi ambalo tayari linaumwa. Kuhara damu kwa vifaranga: karibu kila mara kuna unyevu bandani, dawa bila kukausha maranda ni bure. Utitiri mwekundu haukai kwenye kuku mchana. Futa chini ya fito usiku kwa kitambaa cheupe, ukiona michirizi ya damu, umeupata. Fito ziwe za kuchomoka, uzimwagie maji yanayochemka. Na dawa yoyote ukitoa, soma siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Kama lebo haisemi, muulize daktari wa mifugo.

ZUHURA: La mwisho, wengi wanaosha mayai yote yakishaokotwa.

MUSSA: Yai lina utando unaoziba vinyweleo vya ganda. Lililo safi usilioshe. Lenye tope kavu lisugue kwa kitambaa kikavu. Ukilazimika kuosha, maji yawe ya moto kuliko yai, kama nyuzi 40, maana maji ya baridi yanafanya kilichomo kisinyae, yai linavuta uchafu ndani. Lililooshwa liende friji na liliwe mwanzo. Lenye ufa, tupa.

ZUHURA: Ukilisahau kichakani hujui la lini?

MUSSA: Bakuli la maji. Likilala chini, jipya. Likisimama bila kuelea, la siku nyingi, livunje kwenye kikombe peke yake ulinuse, kisha lipike mpaka kiini kigande. Likielea, lipeleke shimo la mboji, na usilivunjie karibu na mlango.